Kigari cha Magurudumu Matatu na Mtamba Mmoja

Sogeeni, mlioketi mbali. Hadithi hii nitaifikisha mlangoni tu. Kuingia ndani mtaingia wenyewe. Mwenye haraka ya kujibu avumilie kidogo, maana hata waliokuwepo siku ile hawajapatana mpaka leo.

Mwanza, kwenye kilima chenye majabali makubwa kuliko nyumba, walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Holo alikuwa na mikono. Aliuza vitu vya watoto vya mtumba sokoni, na angeweza kushika kitu akiwa amefumba macho akakwambia kitadumu muda gani na kitaanza kuharibikia wapi.

Lushinge, fundi baiskeli, alikuwa na masikio. Jicho lake moja halikuona vizuri, lakini ukipita na baiskeli mbele ya kibanda chake alikuita: "Rudi. Gololi ya nyuma imevunjika." Ukiifungua, unaikuta imevunjika.

Mbuke alikuwa na miguu. Alipandisha maji kwa ndoo kutoka bombani, chini ya kilima, hadi nyumba za juu, safari baada ya safari, tangu asubuhi. Alijua jiwe lipi linatikisika, lipi linateleza baada ya mvua, na wapi mtu anaweza kukata njia kati ya majabali bila kuvunjika shingo.

Juu kabisa ya kilima hicho, katika chumba kimoja, aliishi Ndaki, kaka yake Holo, na mkewe Minza na binti yao Kalunde wa miezi kumi. Ndaki alikuwa mlinzi wa ghala. Aliondoka alfajiri, akarudi jioni. Minza alikuwa na mkono mmoja unaofanya kazi. Wa kushoto uliumia kwenye mashine ya kusaga kabla hajaolewa, na tangu hapo ulining'inia tu. Aliweza kupika, kufua na kumwogesha mtoto. Jambo moja lilimshinda: kumfunga mtoto mgongoni bila msaada. Kwa hiyo kila alipotaka kushuka alisubiri mtu, na mtu asipokuja hakushuka. Mara mbili Kalunde alikosa kliniki.

"Ni kama nimefungiwa humu," Minza alimwambia mumewe. "Mtoto ni wangu, lakini siwezi kwenda naye hata dukani."

Ndaki alisikia, na jioni moja alirudi na kigari cha mtoto. Kilikuwa kipana, cha magurudumu manne, chenye paa la kitambaa na kikapu chini. Lakini njia ya kilima kile hupita kati ya majabali mawili, mahali ambapo watu wawili wakikutana mmoja humpisha mwenzake. Kigari kilikwama hapo. Ndaki alikisukuma, akakivuta, akakiinamisha upande. Watu walisimama nyuma yake na mizigo yao, wakingoja. Kesho yake alikirudisha alikokitoa.

Ndipo Holo akasema, "Kaka, niachie mimi. Wifi yangu nitamtafutia."

Alitafuta kwa Jumamosi nne. Kila yalipofunguliwa marobota sokoni, alijifunga mkono wa kushoto nyuma ya mgongo kwa khanga, akajaribu vigari kwa mkono wa kulia peke yake. Wenzake walimcheka. Kimoja kilikuwa kizuri, lakini kukikunja kulitaka mikono miwili, akakiacha. Kingine kilikunjika vyema, lakini kilikuwa na mkanda wa tumboni tu. Holo aliuvuta mkanda ule, akauachia. "Mtoto atachomoka hapa kama sabuni," alisema, akakiacha nacho.

Jumamosi ya nne alipata kigari kidogo cha magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, kimepauka kwa jua. Kilipita kwenye nafasi finyu. Kilikunjwa kwa mkono mmoja kikaingia chini ya kitanda. Na kilikuwa na mikanda mitano: miwili ya mabega, miwili ya nyonga, mmoja katikati ya miguu. Holo aliivuta yote, mmoja mmoja, kwa nguvu zake zote.

Ndaki hakukipenda. "Mbele gurudumu moja? Si kitapinduka?"

"Kikiwa na mawili mbele hakipiti kwenu," Holo alijibu. "Chagua."

Ndaki akakichukua. Alipokuwa akikipeleka nyumbani alipita mbele ya kibanda cha fundi.

"Simama," Lushinge alisema. "Sukuma tena, polepole." Aliinamisha kichwa. "Pini ya gurudumu la mbele ina ufa."

"Basi badilisha pini, fundi."

Lushinge aliendelea kukizunguka kigari. "Nani atakisukuma?"

"Mke wangu."

"Kwa mkono mmoja, kwenye mteremko huu. Breki yenyewe ni ya kukanyaga kwa mguu. Siku akianguka, ataikanyaga vipi?"

Ndaki akamwachia. Lushinge alikaa na kigari siku mbili. Alibadilisha pini, kisha akaongeza kitu ambacho hakuna aliyemwagiza: mpini wa breki ya baiskeli, waya na springi, vilivyofungwa kinyume na kawaida. Ukiubana mpini, kigari kinakwenda. Ukiuachia, breki inauma yenyewe.

"Nilikuambia pini tu," Ndaki alilalamika alipokifuata. "Sasa kinachosha. Mtu abane njia nzima?"

"Kimchoshe," alisema Lushinge, "lakini kisimkimbie."

Minza alifanya mazoezi mbele ya nyumba, kigari kikiwa kitupu, kisha na mfuko wa unga, kisha na Kalunde. Vidole viliuma kila siku, lakini hakusema, kwa kuogopa wasije wakakichukua.

Siku ya kliniki ikafika. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika. Ndaki alikuwa kazini. Minza alimfunga Kalunde mikanda yote mitano, akambusu kichwani, akaanza kushuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushuka kilima na mwanawe bila mtu wa kumsindikiza. Alipita kati ya majabali mawili bila kugusa upande wowote. Hapo alicheka peke yake.

Chini ya majabali njia ni ya zege na ni mteremko mtupu, na mwisho wake kuna kona kali. Ukishindwa kukata kona hiyo, mbele yako ni mawe, na baada ya mawe kuna mtaro mkubwa unaopeleka maji ya mvua ziwani. Asubuhi ile mtaro ulikuwa umejaa, maji mekundu yakikimbia na matawi.

Katikati ya mteremko Minza alikutana na Mbuke akipanda na ndoo kichwani.

"Mama Kalunde, leo peke yako?"

"Leo peke yangu, dada."

Mbuke alifurahi, akageuza shingo amtazame mtoto, na maji yakamwagika kutoka ndooni yakatanda kwenye zege. Aliyaona. Alitaka kusema, lakini Minza alikuwa ameshaweka mguu hapo.

Alianguka kwa ubavu. Mpini ukamtoka.

Kigari kikaanza kwenda. Breki iliuma, na kelele yake ikasikika hadi nyumba za juu, lakini zege lilikuwa limelowa na mteremko ulikuwa mkali, hivyo hakikusimama. Kilikwenda kama mtu anayeburutwa hataki. Minza aliinuka, akaanguka tena. Aliliita jina la mwanawe, sauti ikakatika.

Mbuke hakukimbilia kigari. Waliokuwa wakitazama kutoka juu walidhani amekimbia kwa woga, kwa sababu aliitupa ndoo, akaiacha njia na kutokomea kati ya majabali. Lakini yeye alijua jambo moja: ndoo zote zilizowahi kumponyoka kwenye mteremko ule, aliziokota mtaroni. Alishuka mahali ambapo hata mbuzi husita, akiruka jiwe hadi jiwe.

Kigari kilifika kwenye kona, hakikukata. Gurudumu la mbele liligonga jiwe, kikapinduka upande. Kalunde alining'inia kwenye mikanda, mikono ikipigapiga hewani, lakini hakuchomoka. Kigari kikaendelea kuteleza kwa ubavu kwenye tope, polepole, hadi ukingoni mwa mtaro. Gurudumu la mbele likawa juu ya maji.

Mbuke aliruka jiwe la mwisho. Mguu ukatua vibaya na kifundo kikalia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Alianguka kifudifudi, akanyoosha mkono, akashika chuma cha kigari kilipoanza kuinamia majini. Akakaa hivyo, tumbo topeni, hana nguvu ya kukivuta na hataki kukiachia.

Minza alifika akitambaa. Wakavuta pamoja. Kalunde alikuwa na mchubuko kwenye paji la uso na tope mdomoni. Alinyamaza muda mrefu mno, mpaka Minza akahisi dunia inazima. Kisha akakohoa, akalia.

Wiki moja baadaye Mzee Maduhu, babake Ndaki, alikuja kutoka Magu. Alimpakata mjukuu wake kitambo, akapapasa ule mchubuko. Kisha akatoa kamba mfukoni, akaiweka kwenye mkeka.

"Hii ni kamba ya mtamba wangu wa ng'ombe," alisema. "Ana mimba, atazaa kabla ya masika. Nimemtoa apewe mtu aliyemrudisha Kalunde. Mtu mmoja. Msiniambie auzwe, wala msiniambie azungushwe nyumba hii na ile. Mnyama anataka mwenyewe."

Waliitwa wote watatu. Mbuke alikuja akiegemea gongo, mguu umefungwa plasta. Tangu siku ile hakuwa amebeba ndoo hata moja, na nyumbani walikula kwa kuazima.

"Mimi sina maneno mengi," Mbuke alianza. "Wengine walikuwa sokoni na kibandani. Mimi nilikuwa mtaroni. Mguu wangu ndio huu."

Lushinge alimjibu taratibu, akitazama chini. "Sikatai. Lakini dada Mbuke, kama kigari kingeshuka bila breki, ungefika mtaroni ukute nini? Nilikupa muda wa kufika. Na nilifanya bila kuagizwa, nikalaumiwa."

"Na mngekiwahi nyote wawili," alisema Holo, "mngeokoa kigari kitupu. Mtoto angekuwa amechomoka pale kwenye jiwe. Nilijifunga mkono kwa Jumamosi nne, nikachekwa na soko zima, kwa ajili ya mikanda ile."

Ndipo Ndaki akasema jambo ambalo kila mmoja alikuwa akilikwepa.

"Kilipinduka kwa kuwa kina gurudumu moja mbele. Nilikuuliza, dada."

Holo akaitazama mikono yake.

"Na mpini ulimtoka mke wangu kwa sababu vidole vilikuwa vimekwisha kuchoka. Nilikuambia, fundi."

Lushinge akakuna ndevu.

"Na aliteleza kwenye maji..." Ndaki hakumaliza. Mbuke alimaliza mwenyewe.

"Yalikuwa ya ndoo yangu. Niliyaona yakimwagika. Ningesema neno moja mapema, huenda tusingekuwa hapa." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Lakini pia ningebaki na ndoo yangu kichwani, mtoto asingekuwa hapa."

Ndaki alisimama. "Mimi naona kigari hiki kitupwe, na mtamba arudi Magu."

"Kigari hakitupwi," Minza alisema. Hakupaza sauti, lakini Ndaki alikaa. "Siku ya kliniki nyingine nitashuka nacho. Lushinge atalegeza springi, nami nitapumzika kila baada ya hatua kumi. Sitarudi kufungiwa."

Mzee Maduhu akaiokota kamba kwenye mkeka, akamwekea mkwewe katika mkono wake mzima.

"Basi mpe wewe, mama wa mtoto. Utakayempa sitamhoji."

Minza aliishika kamba ile. Alimtazama Holo, aliyechagua alipokuwa na nafasi ya kuchagua vibaya. Alimtazama Lushinge, aliyeiwazia ajali kabla haijatokea. Alimtazama Mbuke na mguu wake wa plasta. Bila mmoja wao, yeyote yule, pasingekuwa na mtoto wa kupakatwa. Na kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika kuanguka kule.

Kalunde alikuwa amelala. Minza aliikunja kamba kiganjani, na watu watatu walikuwa wakiutazama mkono wake.

Mimi naishia hapo. Mzee amekataa kuuza na amekataa kugawa, kwa hiyo msinijibu hivyo. Kamba nawapa ninyi mnaonisikiliza: mikono iliyochagua, masikio yaliyotahadhari, au miguu iliyowahi. Mngekuwa ninyi Minza, mngemkabidhi nani, na mngewaambia nini wale wawili wanaoondoka mikono mitupu?