Mwale Ulioinamia Bondeni

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, ni hizi za juzi zenye minara na simu, palikuwa na Bwana Kisaka, mwenye mlima na mwenye dishi. Dishi lenyewe kubwa, linarusha mawimbi ya sauti mpaka kwenye redio za mbali. Lakini nisikilizeni vizuri: dishi kubwa mwale wake ni mwembamba. Ukikosea upande kidogo tu, umekosa kabisa.

Watu wa bondeni walikataa kumwachia Bwana Kisaka chemchemi yao. Akasema, "Wameninyima maji? Nami nawanyima sauti." Akaelekeza dishi kwenye jumba lake, akatangaza, "Atakayegeuza mwale huu atahama mlima, asirudi." Roho mbaya hiyo, nasema waziwazi!

Dishi lilitunzwa na mafundi watatu: Mbonea, Nakijwa na Senzia. Asubuhi moja ya masika wakaona kutoka juu kingo za bwawa lililo juu ya bonde zinapasuka, na kule bondeni watu wanapalilia mahindi, hawana habari. Wangeshuka kwa miguu, maji yangewatangulia; wangepiga simu, bondeni simu hazishiki.

"Tumwombe Bwana ruhusa," alisema Senzia. Akampigia. Bwana akajibu, "Msiguse!"

"Tumemsikia," alisema Mbonea. "Haya, tuguse."

Mbonea akashika mpini wa chuma, akalizungusha dishi zima. Akasukuma kwa mikono, akasukuma kwa mabega, mpaka kutu ikagoma, dishi likakwama. Mwale ukaondoka kwenye jumba, ukaishia kwenye mwamba.

Nakijwa akapanda ngazi. Dishi hakuligusa. Alilegeza kile kinywa cha mbele kinacholimwagia dishi mawimbi, akakisogeza kando. Mwale ukapinda, ukavuka mwamba, ukaingia bondeni. Redio ya shule ikakohoa onyo la mafundi, "Toke..." Kisha kimya. Upepo ulikuwa unautikisa mlingoti uliobeba dishi, na mwale unayumba nao.

Senzia hakusukuma, hakupanda. Alikaa penye mitambo. Ndani ya kinywa kile mlikuwa na antena ndogondogo nyingi. Akayachelewesha mawimbi ya hizi, akayawahisha ya zile, mwale ukainama bila chuma kusogea. Mlingoti ukienda kulia, yeye anaurudisha mwale kushoto. "Tokeni bondeni! Pandeni mlima!" Neno likafika zima. Mwalimu akagonga kengele, watu wakapanda wote, na watoto wao na mbuzi wao. Maji yalipofika yalikuta mahindi tu.

Bwana Kisaka akaja anahema. "Nani kaugeuza mwale wangu? Namtaka mmoja nimfukuze. Wawili wabaki wanifanyie kazi."

Bi Nakundwa wa bondeni, matope yamemfika magotini, akamjibu, "Mfukuze, Bwana. Huyo utakayemfukuza, leo hii tunambeba mabegani, tunamkabidhi chemchemi awe mlinzi wake. Ndiyo ileile unayoililia."

"Basi simfukuzi mtu!"

"Ulishatangaza, Bwana. Mlima mzima ulisikia."

Mbonea akapiga kifua. "Ni mimi! Mwale ulikuwa kwa Bwana, nani aliung'oa? Bila mabega yangu, hawa wawili wangecheza na vidude vyao mpaka jioni. Nifukuze mimi!"

"Wewe kaka uliupeleka kwenye jiwe," alisema Nakijwa. "Jiwe lina masikio? Mimi ndiye niliyeuingiza bondeni, na mguu mmoja unaning'inia hewani. Nifukuze mimi!"

"Uliuingiza, ukatoka," alisema Senzia. "Walisikia nusu ya neno. Nani hukimbia kwa sababu ya nusu ya neno? Mimi niliushika mpaka mtu wa mwisho akapanda. Na ruhusa niliiomba mimi, nikanyimwa nikiwa nasikia kwa masikio yangu. Kosa langu ndilo kubwa. Nifukuze mimi!"

Bwana Kisaka kakodoa macho, jasho linamtoka. Watu wa bondeni wameshainama, mabega tayari. Wanataka mlinzi mmoja, na Bwana alitangaza mkosaji mmoja. Msinijibu "wote", hilo ni jibu la waoga. Semeni kwa sauti, Bwana naye asikie: je, nani aliugeuza mwale?