Ukuta wa Marehemu Mmoja

Hapo zamani, watawala walipokuwa bado hawajajifunza haya, na sijui kama wamekwisha jifunza, tauni iliingia mji wa Kiwamba ikazoa watu, wakazikwa kwa pamoja bila jina wala jiwe. Ilipoondoka, Sultani Badi, ambaye muda wote huo alijifungia shambani akila haluwa, alirudi akaamuru ujengwe ukuta wa ukumbusho. Basi akamwita Mize, mwanamke fukara mwenye mwandiko mzuri na ulimi mrefu.

"Juu andika: Ukuta wa Waliokufa kwa Tauni. Chini yake nakshi, kisha jina langu."

"Na mama yangu, Bwana wangu? Bi Rehani, muuza vitumbua. Kaburi hana; angalau apate herufi."

"Lisiandikwe jina ila langu! Na kila apitaye alie. Wasipolia wao, utalia wewe."

"Nimesikia na nimetii," akasema Mize, akaandika vile vile alivyoambiwa, hakuzidisha hata nukta.

Ijumaa watu wakatoka msikitini, wakasoma: Ukuta wa Waliokufa kwa Tauni. Sultani Badi.

"Masikini! Kumbe ilimfuata huko huko shambani!"

Ikawa kilio mji mzima, wachache kwa huzuni, wengi kwa kuwa hitima ya mkubwa haikosi pilau. Masufuria yakainjikwa.

Sultani akavisikia vilio, akatoka kifua mbele kujionea. Watu wakatimka: "Mzuka! Mzuka!" Akakimbilia nyumbani, akabisha hodi.

"Nani?" akauliza mkewe, Bibi Zaituni, naye sauti ile aliijua vizuri sana.

"Mimi, mumeo!"

"Mume wangu amefariki, imeandikwa. Mimi kizuka, nimo edani, sionani na wanaume. Eda ikiisha njoo upose kama wenzio."

Barazani akamkuta waziri amevaa kilemba cha Sultani, anajigeuza geuza kiooni.

"Vua!"

"Marehemu hana haja ya kilemba," akajibu waziri bila kugeuka. "Sanda yako inashonwa."

Sultani akamwendea Mize akihema. "Umeniua, mwanamke!"

"Mimi, Bwana wangu? Uliagiza jina lako peke yake kwenye ukuta wa maiti. Na watu wamelia, au hawakulia?"

"Lifute!"

"Ukuta ukibaki mtupu, watasema umekufa na jina umenyang'anywa. Waandikwe waliokufa, ndipo aliye hai atajulikana."

Upepo ukamletea Sultani harufu ya pilau ya hitima yake mwenyewe, akaangua kicheko mpaka akakaa chini mavumbini.

"Waandike wote. Anza na mama yako." Kisha akaenda kula matanga yake pamoja na watu.

Tangu hapo, kila asubuhi Sultani alipita ukutani, akayasoma majina yote, kuanzia la Bi Rehani hadi la mwisho, ahakikishe lake halimo. Ikawa Kiwamba nzima hakuna aliyewajua maiti wale kwa majina kama yeye. Na hekaya, kama pilau, huishia sahani ikiwa tupu.