Kitenge cha Zambarau cha Mama Ndelilio

Sogeeni karibu. Hadithi yangu haina mfalme wala sungura. Ina kompyuta ya mezani, na ndugu watatu wa Machame waliofiwa na mama.

Ndelilio, mkubwa, alikuwa na sikio. Alirekodi kwaya, na katikati ya waimbaji wengi alimjua anayekosea. Aikande, dada yao, alikuwa na jicho. Alisafisha picha za harusi, na rangi ikipotoka kidogo tu hakulala. Kundaeli, kitinda mimba, hakuwa na sikio wala jicho. Yeye alikuwa na wasiwasi, na kila kitu alikiwekea akiba.

Mama alipozikwa, baba yao, Mzee Elinami, hakulia. Aliketi tu. Akiletewa uji alisema, "Asante," na uji ukapoa. Watoto nao walikuwa wamekufa ganzi. Watu waliwapa pole, wakaitikia, basi.

Shangazi yao akawaambia, "Matanga yakianuliwa baba yenu hajalia, huzuni itamla ndani kwa ndani. Mtazika tena."

Katika simu ya zamani ya mama kulikuwa na wimbo aliojirekodi jikoni mvua ikipiga bati, na picha yake iliyofifia. Watatu wakakubaliana kuunda kompyuta moja ya kusafishia vyote viwili.

Ndelilio alisema, "Prosesa iwe na nguvu, na feni isivume. Mashine ikikwamakwama siwezi kusikia ninachofanya." Akauza kinanda chake.

Aikande alisema, "Mimi nataka skrini isiyodanganya rangi. Kitenge cha mama kilikuwa cha zambarau. Sitaki kumwona na cha buluu." Akauza kamera yake.

Kundaeli akasema, "Diski ziwe mbili, kila kitu kihifadhiwe kote kote."

"Mbili za nini, umezaa mapacha?" Aikande akamtania. Hakuna aliyecheka. Kundaeli akauza pikipiki yake, akawa anakwenda kazini kwa miguu.

Wakafanya kazi. Ndelilio aliondoa mvua, akaiacha sauti ya mama. Aikande alirudisha uso, kisha mikunjo ya kitenge, mmoja mmoja. Walipomaliza, simu ya mama ikagoma kuwaka kabisa, nao hawakujali.

Asubuhi ya kuanua matanga umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, na diski moja ikafa. Ndelilio akakaa sakafuni. Kundaeli akawasha kompyuta kwa diski ya pili. "Haya, pacha huyu hapa," alisema.

Mbele ya ndugu na majirani, uso wa mama na sauti yake vikatokea kwa pamoja. Aliimba ubeti mmoja, kisha akaita, kama alivyoita kila siku, "Baba Ndelilio, njoo ule, chakula kinapoa!"

Mzee Elinami akalia. Alilia mpaka wageni wakatoka nje kumpisha, kisha akaomba uji, akaumaliza.

Ukafika wakati wa kugawa nguo za marehemu. Shangazi akainua kitenge cha zambarau. "Hiki ni cha aliyemliza baba yenu."

"Ni sauti iliyomwita," alisema Ndelilio.

"Alimwona kwanza," alisema Aikande. "Angemwitikia nani, kioo kitupu?"

"Bila diski yangu mngekuwa mnawaeleza wageni habari za umeme," alisema Kundaeli. Kisha akakisogelea kitenge. "Bado kina harufu yake. Nami nakitaka."

Wakamgeukia mzee. "Baba, ulilia ulipomwona au ulipomsikia?"

"Sijui," alisema. "Alikuwepo."

Shangazi akachukua mkasi, akakitazama kitenge, akaurudisha mkasi mezani. Kitenge hicho hakikatwi. Amekishika bado, na watoto watatu wamenyoosha mikono.

Nanyi mmesikia yote. Wewe uliyekaa hapo kimya, ungekuwa shangazi yao, ungekiweka mkononi mwa nani?