Paa la Nyumba ya Kasele

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Mmeitamka methali hiyo kwa kicheko, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Basi tulieni, maana chanzo chake ni msiba.

Zamani, kando ya njia ya misafara iendayo Tabora, palikuwa na nyumba ya wageni aliyoijenga Mzee Kasele. Ilikuwa tembe: vyumba vimeuzunguka ua pande zote nne, na juu paa bapa la magogo yaliyofunikwa udongo. Kuta zilikuwa nene hata joto la mchana halikupenya. Mlango mkuu ulikuwa wa mbao za mninga, umenakshiwa na fundi wa pwani aliyeugua safarini akauguzwa humo mpaka akapona. Wapagazi walitua mizigo uani, wakapika, wakalala. Sifa za nyumba hiyo zilifika mbali.

Kasele alipofariki, nyumba ikawa ya mwanawe Msabila, aliyeishi mbali kwenye mashamba yake. Walioitunza ni binti wa marehemu, Kalunde, na mumewe Mhoja.

Kila masika paa lilivuja, na kila lilipovuja Mhoja aliongeza udongo, kama alivyofanya mkwewe. Paa likazidi kuwa zito, huku mchwa wakiyala magogo kwa ndani. Mpita njia hakuona ila wala kasoro yoyote. Kalunde alisikia. Akijilaza, magogo yalilia juu yake kama mtu anayesaga meno, na kila alfajiri alikung'uta vumbi la mbao kwenye shuka.

Akamwita kaka yake.

"Kaka, turuhusu tulibomoe paa, tulijenge upya. Litatuua."

Msabila alipapasa nakshi za mlango, akaupiga ukuta kwa kiganja, akacheka. "Hii ni ngome, dada. Udongo huu niliukanyaga mwenyewe pamoja na baba. Ukibomoa, watu watasema Kasele hakuacha kitu."

"Basi lala hapa leo tu, usikie mwenyewe."

"Nina safari," akajibu, akaondoka jua lingali juu.

Kalunde na mumewe wangehamia wapi? Hawakuwa na pengine. Mhoja akasimamisha nguzo mbili chumbani, wakaendelea kupokea wageni, na Kalunde akawa anamwonea haya kila mgeni aliyesifu nyumba.

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha mfululizo. Asubuhi moja Kalunde alikuwa jikoni, kwenye kibanda cha nje, aliposikia nguzo ikialika na kuvunjika. Mhoja alikuwa ameingia kumtoa mgeni mgonjwa aliyelazwa kwenye chumba chenye nguzo. Alimsukuma mgeni nje ya mlango, na paa likamshukia yeye. Kalunde alifukua kwa jembe, kisha kwa kucha. Alipoufikia mkono wa mumewe, ulikuwa umeshapoa.

Msabila alifika mazikoni akilia. "Mbona hamkuniambia kuwa imeoza?"

Waombolezaji wakamgeukia Kalunde. Hakuwa na machozi tena.

"Nilikuambia, kaka. Nikakuomba ulale siku moja tu."

Msabila akainamisha kichwa. "Nisamehe. Nitaijenga upya, nzuri kuliko ya baba. Utakaa humo maisha yako yote."

Kalunde akautazama mlango wa mninga. Ulikuwa umebaki umesimama, hauna hata mkwaruzo.

"Jenga, kaka, lakini ukalale wewe. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake."