Chachu ya Bi Kazija

“Chachu ya mchoyo hufia chunguni.” Ndivyo alivyosema shangazi yenu Hidaya asubuhi, jirani alipokataa kumwambia anavyotia achari yake, nanyi mkacheka mpaka mkashikana mabega. Mimi sikucheka. Sasa mnaniuliza methali hii imetoka wapi, kama vile imetoka ng'ambo. Imetoka jikoni kwetu wenyewe, kwa watu wa damu yenu, na mimi nilikuwapo siku iliposemwa kwa mara ya kwanza. Endeleeni kuchambua huo mchele, wala msinikatize. Ilianza hivi.

Bibi yangu mzaa baba, Bi Kazija, alikuwa mpishi wa mkate wa mofa. Nyinyi mofa mnayoijua ni ya kununua, imefungwa kwenye mfuko. Ile yake ilikuwa ya unga wa mtama ulioumuliwa kwa chachu, ukabandikwa kwenye kuta za ndani za tanuri la udongo mpaka ukatoka na ganda kavu nje, na ndani laini. Mtu akiula na mchuzi wa pweza hasemi neno mpaka amalize. Sisemi haya kwa kumsifu. Nasema ili mjue kilichopotea.

Chachu yenyewe ilikuwa donge la unga uliokandwa ukaachwa uchache. Alirithi kwa mama yake, na mama yake alirithi kwa mama yake. Kila ukikanda unga mpya unatia donge la zamani, na kabla ya kuoka unamega donge jingine unalirudisha chunguni, unalilisha ukufi wa unga na maji ya uvuguvugu. Usipolilisha, linakufa. Likipata moto, linakufa. Ukilitunza, litakuzika wewe na mwanao, nalo bado linafura.

Na mji wetu ulikuwa na ada yake. Bibi harusi akimaliza fungate, mama mkwe humwita jikoni akammegea chachu mbele ya wanawake wa nyumba. Hapo ndipo anakuwa mtu wa nyumba ile. Binti naye akitoka kwao kwenda kuolewa hutoka na donge lake ndani ya bakuli lililofunikwa kawa. Jirani aliyeharibikiwa na yake akija na bakuli haulizwi kitu, anamegewa. Kumnyima mtu chachu ilikuwa ni kumwambia waziwazi kwamba si mwenzetu.

Basi Bi Kazija alimnyima mama yangu.

Alitaka baba yangu, Vuai, amwoe binti wa dada yake yeye Bi Kazija. Baba akamwoa Mize, binti wa watu wa shamba, walaji wa muhogo. Fungate ikaisha, Mize akakaa anangoja kuitwa jikoni. Hakuitwa. Siku zikapita, akaenda mwenyewe, akapiga magoti, akaomba. Bi Kazija alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, na hakuacha kukuna. Alisema, “Mikono ya muhogo itaniharibia chachu ya mama yangu.”

Mama akanyanyuka akaenda zake, hakujibu. Miaka mingi hakujibu, na hilo linanichoma mpaka leo. Alioka mofa yake bila chachu, ikatoka bapa na ngumu. Idi ikifika, masinia mawili yanawekwa ukumbini, la bibi na la mama, na wageni wote mikono yao inakwenda kwa bibi. “Mize ana mkono mzito,” wakasema. Bi Kazija anawasikia, anatabasamu, anawaongeza mchuzi. Alijua vizuri kwa nini mkate ule haukuumuka, akawaacha watu wamtie mama yangu ila mbele ya wanawe. Nyinyi mnadhani ubaya lazima uwe na fimbo mkononi. Mimi nimeuona ukigawa mchuzi.

Wala hakumnyima mama peke yake. Mwaka mmoja wa masika makubwa paa la jirani yetu Bi Riziki liliporomoka, chungu chake cha chachu kikajaa maji. Akaja na bakuli, kama ada ilivyo. Mama zao walikuwa wakimegeana tangu usichana. Bi Kazija akamwambia, “Siku hizi hamira imejaa madukani. Kanunue.” Bi Riziki akatazama bakuli lake, akarudi nalo. Wengine nao walikuja wakajibiwa vivyo hivyo. Wengine walikwisha kuchoka zamani, wakazoea hamira ya dukani, wakaacha zao zife. Mwisho kikabaki chungu kimoja tu mji mzima, na Bi Kazija akaona fahari. Anayetaka mofa ya kweli, aje kwake akae mkekani kwake amsifu.

Alikuwa na tabia nyingine. Akimaliza kukanda, beseni analiosha mwenyewe. Hamwachii mtu. Analikwangua kwa kijiko, anasuuza, anamwaga maji mbali, asije mtu akaokota hata tone la kuanzia chachu yake. Sisi watoto tulidhani ni usafi.

Ikaja arusi.

“Arusi ya nani, bibi?”

Yangu. Nimesema msinikatize.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kushika ada. Kwao chachu ilikwisha kufa, naye alikuwa akisema hadharani kwamba mwanawe anaoa nyumba ya Bi Kazija na sasa mofa itarudi kwao. Mjue maana yake. Nikifika mikono mitupu, watu hawatauliza chachu iko wapi. Watauliza mimi nina ila gani hata bibi yangu mwenyewe asinimegee. Mwanamke anaweza kuishi na swali hilo mpaka anazeeka, na mama yangu alikuwa ushahidi wangu.

Mama akaenda kupiga magoti mara ya pili. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

“Mama, mimi sijiombei,” alisema. “Nimekuja kwa ajili ya Raya. Huyo ni damu yako.”

“Mama yake hakuwa nayo,” Bi Kazija akajibu. “Mtoto hufuata mama.”

Baba alikuwapo. Alikohoa, akatazama chini, akasema ana kazi kiungani. Mungu amrehemu, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto wa kunyonya. Nilimwambia mama nitakwenda kukivunja kile chungu, liwalo na liwe. Akanishika mkono kwa nguvu. “Ukikivunja,” akasema, “hutapata wewe wala mwanao.” Hata wakati ule alikuwa bado ana tumaini.

Wiki ya arusi nyumba ilijaa wanawake, wa kupika, wa kuimba, na wa kutia hina. Bi Kazija hakulala vizuri. Chungu chake siku zote kilikaa chumbani kwake kando ya mtungi, penye ubaridi. Sasa kila mtu anaingia na kutoka, na yeye akaona wezi kila upande. Basi alipokwisha kutoa donge la kukandia mikate ya arusi, akaacha jingine ndani, akafunika chungu kwa kisahani, akafunga kitambaa, akakipandisha mwenyewe darini jikoni, akakifunikia gunia la makumbi ya nazi. Hakumwambia mtu. Na dari ile, wajukuu zangu, ilikuwa juu ya tanuri.

Siku ya arusi moto uliwashwa alfajiri. Mikate ya watu wote wale! Tanuri lililishwa makumbi na vifuu mpaka alasiri, kuta zikawa nyekundu, wapishi wakawa wanapokezana kwa sababu ya joto. Bi Kazija aliwasimamia, anatoa amri, anasifiwa. Mkate wa mwisho ulipobandikwa, akalichukua beseni akaliosha.

Alasiri watu wa mume wakaja. Mama mkwe wangu akapitiliza moja kwa moja hadi jikoni na wanawake wake nyuma, bakuli mkononi, akasema kwa sauti ya furaha, “Tumekuja kumchukua mtoto wetu na chachu yake.”

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na hina yangu mikononi, naona yote. Bi Kazija akatazama huku na huku. Kumkatalia binti wa mwanawe mbele ya wakwe ilikuwa ni kujivua nguo hadharani, naye alijua. Huruma haikuwa imemshika kwa magoti ya mama yangu, lakini aibu ilimshika.

“Leteni ngazi,” akasema. “Kiko darini.”

Mama ndiye aliyepanda, maana ndiye aliyekuwa karibu. Alipokigusa chungu aliutoa mkono haraka, akakizungushia pembe ya kanga yake ndipo akaweza kukishusha. Bi Kazija akafungua kitambaa, akaondoa kisahani. Donge lilikuwa limekauka na kupasuka, na kando limeungua. Harufu ilikuwa ya ukoko. Akatia maji, akafikicha kwa vidole, akatia tena. Likawa tope.

“Umeniulia chachu yangu!” akamgeukia mama.

“Mimi?”

“Wewe si ndiye uliyekishika? Tangu uingie nyumba hii unaitamani!”

“Nimekishusha sasa hivi, mbele ya watu hawa,” mama akasema. “Aliyekipandisha juu ya moto ni nani?”

Bi Kazija akalirukia beseni kutafuta mabaki ya unga. Lilikuwa jeupe, linang'aa. Akaitazama mikate, yote ilikwisha kuiva. Ndipo akamwona Bi Riziki mlangoni, na sauti yake ikabadilika.

“Riziki, ndugu yangu. Mama yako alimegewa na mama yangu. Huna hata kidogo? Hata kilichokauka?”

“Ningekuwa nayo, Kazija,” Bi Riziki akasema. “Mwaka ule wa masika nilikuja hapa na bakuli. Ungenimegea siku ile, sasa hivi ningekwenda nyumbani nikakuletea. Ulinituma dukani.”

Bi Kazija akawatazama wanawake wengine, mmoja mmoja. Hakuna aliyeinamisha uso. Karibu wote waliwahi kusimama mlangoni pale na bakuli tupu.

Ndipo mama yangu akafungua mdomo. Hakupiga kelele, lakini mpaka uani walimsikia.

“Usiwatazame hao, mama. Nitazame mimi. Nilikupigia magoti mara mbili. Ungenimegea mimi, leo ungevuka ukumbi tu ukaikuta chumbani kwangu hai. Umewanyima wanao, umewanyima majirani, ukawaachia watu waseme mkono wangu mbaya. Mkono ulioiua ni wako. Chachu ya mchoyo hufia chunguni!”

Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na huyo ndiye aliyeisema. Kabla jua halijatua ilikuwa imefika mji mzima, na kesho yake watoto walikuwa wanaiimba.

Mimi nilitoka kwetu na bakuli tupu limefunikwa kawa. Mama mkwe wangu alilibeba mwenyewe njia nzima, ili watu wa njiani wasijue. Tulipofika alilifunua, akaliweka kabatini, na hakunisema kwa hilo hata siku moja. Lakini nililia, na nililia kwa hasira.

Bi Kazija aliishi miaka mingine mingi. Hakuoka tena. Alijaribu kuchachisha unga mpya, mara ukaoza, mara ukawa na harufu ya siki, akautupa. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alikataa uji, akakataa wali, akasema anataka mofa. Mama yangu akawasha tanuri. Mama huyo huyo! Alinunua hamira dukani, akakanda, akaoka mkate ukaumuka vizuri, kwa sababu mkono wake haukuwa na ila hata siku moja. Mimi nilikuwa nimekuja kumwangalia mgonjwa, nikashika sahani.

Bi Kazija akamega tonge dogo, akatafuna muda mrefu. Kisha akalitoa, akageukia ukutani.

“Siyo huu, Mize.”

Mama akampangusa mdomo kwa kanga. “Ndio huo uliotuachia, mama,” akasema.

Hakuomba chakula kingine. Siku chache baadaye tukamzika. Mama yangu alimsamehe, naye hakuwa mtu wa kusema uongo. Mimi sijaweza. Kila Idi nikiona sinia la mofa ya dukani hasira inanipanda kama jana.

“Bibi, kwani ile ya kweli ilikuwa na ladha gani?”

Haya, ndilo swali hilo. Nilikuwa naijua ladha ile kama nijuavyo jina langu. Nikafunga macho juzi nikaitafuta, sikuiona. Ilikuwa na uchachu kidogo, hayo ni maneno tu, hata limau lina uchachu. Sina cha kuwaonjesha. Nyinyi ni vilembwe vya Bi Kazija, wajukuu wa mjukuu wake, mlistahili mle ile mofa, mkaioke, mkawamegee wana wenu, na mmekaa hapa mnaniuliza ilikuwaje.

Mwiteni Hidaya, naye asikie. Na wewe, mkubwa wao, uliyecheka kuliko wote asubuhi, hebu iseme tena ile methali.

“Chachu ya mchoyo hufia chunguni.”

Mbona sasa hucheki?