Maji Ambayo Hayakuletwa

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Mselem, na tunamkuta hapa akibishana na Mize mchota maji mbele ya kadhi, mate yanamruka. Ghala lake la mbata, zile nazi kavu, limeungua, naye anamtaka punda wa Mize awe fidia. Punda huyo ndiye mikono na miguu ya Mize. Akichukuliwa, mama wa watu hana cha kubebea madebe wala cha kutia chunguni.

Na moto ulianzaje? Mbata zilikuwa zimeota ukungu. Bwana mkubwa akaingiza chetezo cha udi ili wanunuzi wasisikie uvundo, kisha akaenda zake kulala. Hapo kwenye chetezo alipapita upesi, kama anayeruka dimbwi. Alichokazania ni kwamba siku ile Mize hakumletea maji.

"Ungeleta maji, moto ungezimika," alisema. "Hukuleta. Basi aliyechoma ni wewe, mwanamke."

Kadhi, ambaye hata kilemba alichovaa kilitoka kwa huyo huyo Mselem, akaitikia kwa kichwa na kusema hoja imetimia.

Mize akakitazama kile kilemba. "Kadhi wangu, nyumba yako na ghala zimepakana?"

"Ukuta mmoja."

"Na birika lako siku hiyo lilikuwa na maji?"

"Limejaa pomoni. Nilikuwa natawadha."

"Ungeleta maji, moto ungezimika. Hukuleta. Sasa wewe utatoa punda gani?"

Watu wakaziba midomo kwa viganja. Kadhi akajitetea kwamba kupeleka maji si kazi yake. Mize akakubali palepale, akasema wala si yake tena, kwani juzi yake Bwana Mselem alimfukuza mlangoni, ati punda analia wakati bwana amejinyoosha. Asingefukuzwa, angeleta. Bwana asingelala, angeona moshi. Asingefukizia mbata zilizooza...

"Yatosha," kadhi alisema, akijipangusa jasho. "Punda ni wako. Na kuanzia leo sitaki kusikia 'nge' ya mtu yeyote katika baraza hili. Mtu ataulizwa alichofanya, basi."

Mize akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Alipofika mlangoni akamsikia Mselem nyuma yake akilalama, "Lakini Kadhi, ungenisikiliza mimi kwanza..."

Mize akageuka.

"Jamani, msimkaribie," akasema. "Kinywani mwake bado mna nge."