Fisi Alivyotazama Ndege kwa Karibu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa matope, pakawa mikoko, pakawa na fisi mwenye njaa. Atakayesinzia nitamwita kwa jina la huyo fisi.

Vuli ilikuwa inakwisha. Ndege wageni walikuwa wamefika kutoka mbali, wamechoka, wametapakaa matopeni wakidonoa, do do do. Kila mwaka Nguchiro aliwaongoza wanyama kwenda kuwatazama. Desturi ilikuwa moja: unakaa juu penye mikoko, unanyamaza, unangoja. Maji yakijaa, ndege wanasogea wenyewe.

Mwaka ule walikwenda Kobe na Paa, na Fisi wa bara akajialika. Njiani akamnong'oneza Nguchiro sikioni.

"Mimi sikuja kutazama. Nikikosa ndege nitakula watazamaji, na nitaanza na wewe."

Nguchiro akaogopa. Akatembea, akawaza. Akatembea, akawaza. Walipofika, maji yalikuwa mbali kabisa. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, siku maji yanapojaa kupita kiasi. Wa pwani wanajua. Wa bara atajulia wapi?

Basi akawaambia wenzake wakae mikokoni. Yeye, alisema, atakwenda kule mbele kwenye tope jeusi, azame mpaka shingoni, ndege wamdhani kisiki.

Fisi akakunja uso. "Kwa nini uwe wewe?"

"Mimi ndiye kiongozi, mjomba. Na wanene hutua pale."

"Basi pale ni pangu."

"Mjomba, niachie."

"Nimesema pangu."

Fisi akaenda. Mguu, chubwi. Mwingine, chubwi. Akazama mpaka shingoni, mate yakimchuruzika.

Maji yakaja, shwaa. Ndege wakasogea. Fisi akatulia. Maji yakaja, shwaa. Ndege wakasogea. Fisi akavuta mguu, tope likauvuta zaidi. Kule juu Nguchiro hakupumua. Fisi aking'oka pale, yeye kwisha habari yake.

Maji yakaja, shwaa, yakafunika mdomo, yakaishia chini ya pua. Matope yote yakamezwa, ndege wakakosa pa kusimama. Wakaona kisiki. Wakatua kichwani kwa Fisi, wakajazana mpaka masikioni, wanene, wanono. Wakajisaidia, wakalala. Fisi akifungua mdomo atakunywa bahari. Akaufumba.

Nguchiro akawachukua wenzake wakaondoka taratibu, wasiwaamshe wageni. Maji yalipokupwa na ndege kuruka, Fisi akajikokota akatoka, akashika njia ya bara bila kuaga mtu.

Hapo ndipo ngano yangu ilipofika, iliyobaki imechukuliwa na maji. Funzo lake, wanangu, ni subira. Waliokaa nyuma hawakuguswa hata na unyoya, na Fisi aliyetulia akajaliwa ndege kichwa kizima. Kwa hiyo mkienda kutazama ndege, gombanieni mbele.